Godoro la Punguzo: Tusome, Tupime, Ndipo Tulipe

Msimu wa kuuza pamba ukifika, fedha huingia vijijini. Na fedha zikiingia, wauzaji nao huingia. Huja na magari yenye vipaza sauti kwenye magulio na minada ya Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema. Huuza vyombo, nguo, baiskeli na magodoro. Leo tutazungumza juu ya magodoro, hasa yale yanayoitwa lateksi na kuuzwa kwa punguzo kubwa.

JAMBO LILILOTOKEA

Katika darasa letu moja la jioni yupo mama mmoja, mkulima wa pamba. Anajua kusoma na kuandika, na daftari lake ni safi. Msimu mmoja baada ya mauzo alikwenda gulioni kumnunulia godoro mama mkwe wake. Bibi huyo ni mzee sana na mgongo unamsumbua.

Muuzaji alimwamkia kwa heshima. "Shikamoo mama. Hili siyo sponji. Hili ni lateksi, mpira wa asili. Bei yake laki tatu. Leo tu nakupa kwa laki moja na nusu. Kesho hulikuti."

Mama aliangalia kava la godoro. Limeandikwa kwa herufi kubwa: LATEX. Pembeni pameandikwa 4 × 6 × 6, yaani upana futi 4, urefu futi 6, unene inchi 6. Akalipa shilingi 150,000. Risiti hakupewa, naye hakudai.

Miezi mitano haikupita, godoro likabonyea katikati. Siku moja alfajiri mama aliingia kumjulia hali bibi. Akamkuta amelala chini, juu ya mkeka. Godoro lipo kitandani, limetandikwa vizuri. Kumbe bibi alikuwa akilala chini kwa wiki nyingi. Hakutaka kusema, kwa sababu alijua fedha zile zilitoka kwenye jembe la mkwewe.

Jioni ile mama alikuja darasani akauliza, "Mwalimu, mimi nilisoma yale maandishi. Sasa nimekosea wapi?"

Swali hilo lilinichoma. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Basi kesho yake tulilibeba godoro mpaka kwenye mizani ya chama cha msingi, ile ile tunayopimia pamba. Likapima kilo 6. Tukaazima futi ya kamba kwa fundi cherehani, tukapima pembeni, mahali ambapo hapajalaliwa. Unene ulikuwa inchi 5, siyo 6. Tukafungua zipu. Ndani palikuwa na sponji nyepesi ya kawaida.

Mama hakukosea kusoma. Maandishi ndiyo yaliyosema uongo. Ndiyo maana somo letu la leo linasema hivi: kusoma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima.

LATEKSI NI NINI?

Lateksi ni utomvu mweupe kama maziwa. Hutoka katika mti wa mpira. Mti huu asili yake ni misitu ya mto Amazon, Amerika ya Kusini. Hapa Tanzania umepandwa katika mashamba ya Kihuhwi, wilayani Muheza mkoani Tanga, na Kalunga mkoani Morogoro. Utomvu wake hugemwa kwa kuchanja gome, kisha hukingwa katika kikombe.

Kutengeneza godoro, utomvu hupigwapigwa mpaka utoe povu, kama unavyopiga yai. Povu hilo humiminwa katika kalibu yenye vijiti vingi vya chuma, kisha hupikwa kwa joto mpaka likaze. Vijiti vikitolewa huacha matundu. Njia ya namna hii ilianzia katika kampuni ya Dunlop, nchini Uingereza, mwaka 1929.

Ipo pia lateksi inayotengenezwa kwa kemikali, na viwanda vingi huchanganya hiyo na ile ya mti. Kwa hiyo neno "lateksi" peke yake halimaanishi "mpira wa asili mtupu".

Sponji siyo lateksi. Sponji hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Siyo kitu kibaya. Sponji nzuri, nzito na ngumu, humfaa mtu kwa miaka mingi. Kosa ni kuuziwa sponji kwa jina na bei ya lateksi.

TUPIME KWA NAMNA GANI?

Ndugu msomaji, chukua kalamu. Hesabu hii ni rahisi.

Kwanza, tafuta ujazo wa godoro kwa futi. Zidisha upana kwa urefu kwa unene. Unene uko katika inchi, kwa hiyo ugawe kwa 12 upate futi. Inchi 6 ni nusu futi.

4 × 6 × 0.5 = 12

Godoro hili lina futi za ujazo 12.

Pili, kumbuka kanuni hii. Kwa kawaida futi moja ya ujazo ya lateksi ina uzito wa kilo moja na nusu au zaidi. Sponji ya kawaida ina kama nusu kilo hadi kilo moja tu. Sasa zidisha:

12 × 1.5 = 18

Basi godoro la lateksi la futi 4 kwa 6, inchi 6, linatakiwa lifike kilo 18 hivi, na mara nyingi hupita kilo 20. Mtu mmoja akiliinua kwa mkono mmoja bila taabu, tia shaka.

Mizani haipo? Usikate tamaa. Debe la maji la lita 20 lina kilo 20 na kidogo. Akina mama wa ziwani mnaujua uzito huo kichwani tangu utotoni. Inua godoro, ulinganishe.

Lakini uzito peke yake hautoshi. Wapo watu wanaogandisha vipande vya sponji mbovu, na godoro likawa zito. Kwa hiyo fanya na haya:

1. Fungua zipu utazame ndani. Lateksi ni kipande laini chenye matundu mengi yaliyopangwa kwa mistari, na ina harufu kidogo ya mpira. Ukiona vipande vya rangi mbalimbali vilivyogandishwa, hiyo siyo lateksi. Kama hakuna zipu, mwombe muuzaji afumue pembe moja kidogo. Akikataa, msalimie uende zako.

2. Bonyeza kwa ngumi, kisha achia. Lateksi hurudi mara moja. Sponji hafifu hurudi polepole, tena unagusa mbao chini yake.

3. Pima mwenyewe kwa futi ya kamba. Futi 4 ni sentimita 122. Futi 6 ni sentimita 183. Inchi 6 ni sentimita 15 na kidogo. Usipime kava lililotuna, pima kilichomo ndani.

4. Pima kitanda chako kabla ya kuondoka nyumbani. Kumbuka na chandarua. Godoro likiwa nene mno, chandarua kifupi hakichomekeki chini yake, na mbu wataingia.

PUNGUZO NI HESABU

Muuzaji alisema laki tatu imekuwa laki moja na nusu. Nusu bei! Lakini hiyo laki tatu nani aliwahi kuilipa? Bei ya zamani anaisema muuzaji mwenyewe. Anaweza kutaja hata laki tano akitaka.

Sisi tutafute bei ya futi moja ya ujazo. Bei zinazofuata ni za mfano wa hesabu tu. Godoro la mama lilikuwa na unene wa inchi 5, kwa hiyo ujazo wake ni futi 10. Gawanya:

150,000 ÷ 10 = 15,000

Tuseme duka la mjini linauza sponji nzuri ya inchi 6, futi za ujazo 12, kwa shilingi 120,000 bila punguzo lolote:

120,000 ÷ 12 = 10,000

Unaona? Godoro la "nusu bei" lilikuwa ghali zaidi. Ukienda mjini, ongeza na nauli pamoja na gharama ya kubeba mzigo. Halafu linganisha angalau maduka matatu.

Punguzo la kweli lipo, tena lina sababu. Labda kava limechafuka. Labda godoro lilikuwa la maonyesho. Labda mwenye duka anahama. Uliza, "Kwa nini umepunguza?" Mtu mkweli atakuonyesha sababu kwa kidole. Mwingine atakwambia tu, "Harakisha, yanakwisha."

Ukiambiwa ulipe kidogo kidogo, zidisha kwanza. Shilingi 20,000 kwa mwezi, miezi 12, ni 240,000. Hiyo ndiyo bei yako, siyo 20,000.

DAI MAANDISHI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti ya mashine. Ni haki yako, na sheria inakutaka uidai. Mwambie pia muuzaji aandike kwa mkono na kutia sahihi: "Godoro la lateksi, futi 4 kwa 6, inchi 6, kilo 20." Weka na namba yake ya simu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo hayo. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wako.

Tazama alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Kama umedanganywa juu ya bidhaa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu huo, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Kama vipimo vimepunjwa, nenda kwa Wakala wa Vipimo. Anza na ofisa mtendaji wa kijiji akuelekeze.

KULITUNZA

Godoro la pamba au la sufi tumezoea kulianika juani. Lateksi usiianike. Jua kali huufanya mpira ukauke na kupasukapasuka. Ipunge hewani kivulini. Chaga za kitanda ziwe karibu karibu ili godoro lisizame. Kama una mtoto mdogo, tandika nailoni juu yake.

MWISHO

Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa ulianza hapa Mwanza kwa msaada wa UNESCO. Wazee wetu walijifunza herufi na hesabu kupitia zao la pamba. Walijifunza ili asiwepo wa kuwapunja. Mizani ya pamba leo tunaisoma wenyewe. Basi tuisome na ya godoro.

Yule mama hakurudishiwa fedha zake. Muuzaji hakuonekana tena, na karatasi hapakuwa nayo. Msimu uliofuata alikwenda dukani na futi ya kamba ndani ya kitenge. Alinunua sponji ngumu, siyo lateksi, kwa sababu fedha yake ilitosha hiyo. Alipima, akafungua zipu, akadai risiti. Siku hizi bibi analala kitandani.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KIKUNDI

1. Mama alijua kusoma. Kwa nini alidanganyika?
2. Godoro lina upana wa futi 5, urefu futi 6, unene inchi 8. Tafuta ujazo wake kwa futi. Kama ni lateksi, linatakiwa lifike kilo ngapi?
3. Taja sababu mbili za punguzo la kweli.
4. Kwa nini bibi hakusema? Je, katika nyumba zetu wazee wanapata nafasi ya kusema?
5. Kikundi chenu kinaweza kununua futi ya kamba moja ya kuazimana. Nani ataitunza?

(Jibu la swali la 2: ujazo ni futi 20, uzito kilo 30 au zaidi.)