Somo la 11: Kamera ya Kununua na Kamera ya Kukodi

Chukua daftari lako na kalamu. Somo la leo lina hesabu za kugawanya na za kuzidisha. Bei tutakazotumia ni za mfano tu. Ukimaliza kusoma, utaweka bei za kwenu.

Siku hizi vijijini watu wanapenda picha. Kuna picha za arusi, za ubatizo, za maulidi na za mahafali ya darasa la saba. Simu nyingi hupiga picha nzuri mchana, penye jua. Lakini usiku, chini ya turubai, taa ikiwa moja na bibi arusi akiwa mbali, simu hushindwa. Hapo ndipo watu humwita mpiga picha mwenye kamera. Na hapo ndipo mtu anayeitaka kazi hii hujiuliza: ninunue kamera, au nikodi?

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Kukodi ni kuchukua kitu cha mtu mwingine kwa muda na kumlipa. Kukodisha ni kumpa mtu kitu chako kwa muda, naye akakulipa. Wengi wetu huyachanganya tunapozungumza, na hakuna ubaya. Katika mkataba usiyachanganye.

Kijana aliyeuza maksai

Tumtazame kijana mmoja mkulima. Alikuwa na maksai wawili wa kuvuta plau na shamba la eka 6. Mwezi wa Juni, baada ya mavuno, arusi zilikuwa nyingi. Kijana akaona wapiga picha kutoka mjini wanaondoka na fedha zetu kila Jumamosi. Akawauza maksai wake kwa shilingi 1,200,000/=. Akanunua kamera ya mtumba yenye lenzi moja na taa yake ya kumulika.

Alipata kazi. Tangu Juni mpaka Oktoba alipiga picha katika arusi 6 na mahafali 2. Kila kazi alilipwa shilingi 150,000/=. Jumla ni shilingi 1,200,000/=. Fedha ya kamera ikarudi yote. Ukisimama hapo utasema kijana huyu ni hodari, na kweli alikuwa hodari wa kupiga picha.

Kisha mvua zikaanza. Arusi zikasimama, kwa sababu kila mtu alikuwa shambani. Kamera ikalala kabatini. Naye kijana akahitaji kulima, na maksai hana. Akakodi maksai wa jirani kwa shilingi 50,000/= kwa eka. Eka 6 zikamla shilingi 300,000/=. Tena jirani alilima kwanza shamba lake mwenyewe, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Zamu ya kijana ilifika wiki tatu baadaye. Mahindi yake yalichelewa, na mvua zilipokatika yalikuwa bado hayajabeba vizuri.

Kosa la kijana huyu si kununua kamera. Tazama alichokiuza. Aliuza kitu kilichomfanyia kazi kila msimu, akanunua kitu kilichomfanyia kazi siku 8 kwa mwaka. Mwishowe akakodi kile alichokuwa nacho na kumiliki kile ambacho angeweza kukodi.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza kamera ni bei gani. Anza kwa kuuliza: kwa mwaka mmoja, kamera hii itafanya kazi siku ngapi?

Hesabu ya siku

Andika kazi za mwaka uliopita kijijini kwenu na vijiji vya jirani. Usiandike kazi unazozitamani. Andika zile zilizofanyika kweli na ambazo wangekuita wewe. Utaona zinakuja kwa makundi. Baada ya mavuno ni nyingi. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na wa kidato cha nne hufanyika Novemba, kwa hiyo mahafali huwa karibu na miezi hiyo. Wakati wa kupanda ni chache. Na mahali penye Waislamu wengi, mwezi wa Ramadhani huwa hauna arusi.

Sasa tuseme mjini kuna mtu anayekodisha kamera kwa shilingi 40,000/= kwa siku. Kamera ya kununua ni shilingi 1,200,000/=. Gawanya:

1,200,000 ÷ 40,000 = 30

Wengi huishia hapa. Husema, ikiwa sitafikisha siku 30, bora nikodi. Lakini hesabu hii imeacha kitu. Arusi ni Jumamosi. Ukikaa mbali na mji, utaichukua kamera Ijumaa na kuirudisha Jumapili. Wengine watakulipisha siku 2, na wengine siku 3. Tuseme siku 2. Tena kuna nauli. Utakwenda mjini kuichukua na kurudi, kisha utakwenda kuirudisha na kurudi. Hizo ni safari 4. Ikiwa nauli ni shilingi 5,000/=, andika hivi:

Kukodi siku 2: 80,000/=
Nauli mara 4: 20,000/=
Jumla ya kazi moja: 100,000/=

Gawanya tena:

1,200,000 ÷ 100,000 = 12

Umeona? Siku 30 zimekuwa kazi 12. Aliye mjini, jirani na mwenye kamera, anaweza kukodi muda mrefu bila hasara kubwa. Aliye kijijini mbali, kukodi kunamwelemea mapema zaidi. Kwa hiyo usichukue shauri la mtu wa mjini ukalileta kijijini bila kulipimia nauli.

Upande wa kununua nao una mambo yake yaliyojificha. Utahitaji betri ya pili, kadi ya kuhifadhia picha na mkoba. Utamlipa fundi siku moja. Kama fedha ni za mkopo, andika na riba. Kwa upande mwingine, kamera yako unaweza kuiuza baadaye, ingawa kwa bei ndogo kuliko uliyonunulia. Fedha ya kukodi hairudi.

Zamani hesabu ilikuwa nyingine. Kamera zilitumia mkanda, na mkanda mmoja ulitoa picha 12 au 36, kufuatana na aina yake. Kila picha iliyopigwa ilikuwa gharama, hata ile iliyoharibika. Kamera za leo za kidijitali hazina mkanda. Picha mbaya unaifuta. Ndiyo maana gharama kubwa siku hizi imebaki kwenye kamera yenyewe.

Kamera inayolala huugua

Ndani ya kamera nyingi kuna kipazia kidogo kinachofunguka na kufunga kila upigapo picha. Watengenezaji wengi hukipima kwa picha 100,000 au zaidi. Ukipiga picha 800 kila arusi, na arusi 12 kwa mwaka, ni picha 9,600. Basi arusi zako hazitakichosha upesi.

Kinachoua kamera kijijini mara nyingi ni kulala vibaya. Lenzi ikifungiwa penye unyevu na giza kwa miezi mingi huota ukungu ndani ya kioo. Ukungu huo huwezi kuufuta kwa kitambaa. Watu wa pwani na wa kando ya maziwa wanaujua sana. Betri nayo ikiachwa tupu muda mrefu huweza kufa kabisa. Kamera ya kukodi ikilala, hiyo ni kazi ya mwenyewe. Yako ikilala, utaitunza wewe: itoe mara kwa mara, ipate hewa, mbali na vumbi na jua kali.

Mama aliyetia sahihi

Mama mmoja mshonaji alifanya hesabu kama zetu. Kazi zake zilikuwa 5 kwa mwaka, naye akakodi. Aliamua vizuri. Siku moja, katika mahafali, mtoto alikanyaga waya wa spika. Spika ikaangusha meza, na kamera iliyokuwa mezani ikaanguka sakafuni. Lenzi ikapasuka.

Mwenye kamera akatoa karatasi. Mama alikuwa ameitia sahihi. Iliandikwa hivi: "Kifaa kikiharibika kwa namna yoyote, aliyekodi atalipa bei ya kifaa kipya." Kamera ile ilikuwa ya zamani. Bei ya mpya ilikuwa zaidi ya mara mbili ya thamani yake. Mama alilipa kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mzima kwa fedha za cherehani.

Mama huyu alikuwa amemaliza kisomo miaka miwili kabla. Alijua kusoma. Siku ile basi lilikuwa linapiga honi, mwenye kamera alikuwa mkarimu, na mama aliona haya kumsimamisha mtu mzima ili asome karatasi pole pole.

Ndugu msomaji, usione haya. Sema tu: "Samahani ndugu, nipe nafasi nisome kwanza." Mtu mwema atakungoja. Akikataa kukungoja, umekwisha kupata jibu.

Mkataba mfupi unaweza kuandikwa hivi. Unakili katika daftari lako:

Mimi ______ nimemkodisha ______ kamera aina ya ______ yenye namba ______, pamoja na lenzi 1, betri 2 na chaja 1.
Ameichukua tarehe ______ saa ______. Atairudisha tarehe ______ saa ______.
Malipo ni shilingi ______. Dhamana ni shilingi ______, nayo itarudishwa kamera ikirudi salama.
Kasoro zilizokuwapo kabla ya kukodi: ______
Kitu kikiharibika, aliyekodi atalipa gharama ya fundi. Kikipotea au kisipotengenezeka, atalipa shilingi ______ tuliyopatana leo.
Sahihi ya mwenye kamera ______ Sahihi ya aliyekodi ______ Shahidi ______

Tazama mstari wa kasoro. Usiuache wazi. Kabla ya kuondoka, piga picha chache papo hapo. Angalia kioo cha lenzi kwenye mwanga. Kama kuna mchubuko au ukungu, andika, hata kama mwenye kamera anasema, "Aa, hicho si kitu." Ikiwa si kitu, hakitamdhuru kikiandikwa.

Anayenunua mtumba naye afanye hivyo hivyo, na azidishe jambo moja. Adai risiti yenye jina la muuzaji na namba ya kamera. Kamera huibwa kwa urahisi, na kupokea mali ya wizi ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai. Kamera ya bei ya ajabu isiyo na risiti, iache.

Si lazima kuchagua moja tu

Wapiga picha wengi hununua baadhi ya vitu na kukodi vingine. Betri, kadi na mkoba ni vya bei nafuu na hutumika kila kazi. Vinunue, na kadi hasa iwe yako, maana picha za watu zikibaki kwenye kadi ya kukodi zinaweza kufutwa na mtu mwingine kabla hujazisafisha. Lenzi ndefu na taa kubwa za kusimamisha hutakiwa mara chache. Hivyo vikodi.

Watu watatu au wanne wanaweza pia kununua kamera moja kwa kikundi. Njia hii ni nzuri, ila ina mtego wake: arusi nyingi huangukia Jumamosi ile ile. Kamera moja haigawanyiki. Andikeni zamu kabla ya kununua, na mkubaliane nani ataitunza wakati wa mvua.

Zoezi

1. Kijiji kiko mbali na mji. Nauli ya safari moja ni shilingi 3,000/=. Kukodi kamera ni shilingi 35,000/= kwa siku, nayo hukodiwa kwa siku 2. Mpiga picha akienda mjini na kurudi mara mbili, kazi moja itamgharimu kiasi gani?

2. Kamera kama hiyo huuzwa shilingi 912,000/=. Bei hiyo ni karibu sawa na kazi ngapi za kukodi?

3. Kijana yule angewabakiza maksai wake na kukodi kamera kwa kazi zake 8, kila moja kwa shilingi 100,000/=, angebakiwa na fedha kiasi gani baada ya kulipwa? Jadilianeni darasani: angevuna mahindi lini?

4. Soma mkataba tena. Kuna jambo gani kijijini kwenu ambalo mkataba huu haukulitaja? Liandike kwa maneno yako mwenyewe.