Dondoo muhimu: Kuishi vizuri kwa kuuza magari Tarime na Serengeti

Mjue mteja kwanza. Mfanyabiashara wa Nyamongo anataka pikapu ya mizigo. Mwenye kambi ya watalii Mugumu anataka Land Cruiser ya kufikisha wageni lango la Ikoma la hifadhi.

Karatasi ndizo zitakulisha au kukufilisi, hasa huku mpakani. Gari lililoingia kupitia mpaka wa Sirari kwa kibali cha muda haliuzwi Tanzania mpaka ushuru ulipwe TRA. Tafuta namba ya chesisi, chini ya boneti au kwenye fremu, uilinganishe na kadi ya gari herufi kwa herufi. Chuma kikiwa kimekwaruzwa, au kimepakwa rangi mpya hapo tu, achana na gari hilo hata kama kamisheni inatamanisha. Mkishauziana, simamia uhamisho wa umiliki mpaka kadi itoke kwa jina la mnunuzi.

Patana kamisheni mapema, kwa maandishi. Cha juu cha kificho kitajulikana tu, na Tarime watu wanafahamiana.

Baada ya mwezi mpigie mnunuzi: breki vipi, springi zinahimili barabara? Huyo ndiye atakayekuletea shemeji yake.