Moyo wangu ni mzima kwa asilimia 58 tu?

Swali: Dokta, nina miaka 46 na kilo 104, naishi Mulongwe, Uvira. Elektro ya moyo ni nzuri. Ekografi inasema moyo unasukuma asilimia 58 na ukuta wa kushoto umenenepa kidogo. Presha ni 150/95. Je, nifanye mazoezi?

Jibu: Mama, hiyo 58 isikutishe. Hakuna moyo unaotoa damu yote kwa pigo moja. Kuanzia 55 hivi hadi 70 ni kawaida. Kinachonishughulisha ni ule ukuta, kwa sababu mara nyingi hunenepa baada ya presha kukaa juu kwa miaka. Na elektro hupimwa ukiwa umelala, kwa hiyo peke yake haithibitishi kwamba mishipa ya moyo iko wazi.

Mazoezi fanya, ila kama umeandikiwa dawa za presha, zimeze kila siku, na mwulize daktari wako kabla ya kuongeza kasi. Tembea barabara tambarare ya kuelekea Kavimvira, dakika 10 asubuhi kabla ya jua kali, ukiongeza kidogo kila wiki hadi 30. Uweze kuongea unapotembea. Ukikosa pumzi ya kumaliza sentensi, punguza mwendo. Vilima vya upande wa Mitumba viache kwanza. Wengine watakushauri utembee majini ili magoti yasibebe uzito wako: usithubutu, ziwa letu lina mamba na viboko.

Kwa ajili ya presha, ndakala wakavu wenye chumvi waloweke, umwage maji. Kifua kikibana, kizunguzungu kikikushika au moyo ukienda ovyo, simama, nenda hospitali mara moja.