Somo la Wiki: Gemu na Kompyuta ya Hesabu

Mfanyabiashara wa vitunguu saumu Mbulu au wa ngano Katesh mwenye kompyuta moja tu ya hesabu ajihadhari na gemu. Vanguard, programu inayozuia udanganyifu katika gemu ya Valorant tangu 2020, huingia katika kiini cha mfumo na kuanza kazi mashine inapowashwa. Mwenye mashine akiiondoa, gemu haichezeki.

Agosti 2022 ilibainika kuwa wahalifu walitumia sehemu ya programu kama hiyo, ya Genshin Impact, kuzima kinga ya virusi, kisha wakafunga mafaili ili wadai fedha. Gemu yenyewe haikuhitajika.

Ushauri: gemu ziwe na mashine yake. Hilo pekee halitoshi. Nakala ya hesabu ihifadhiwe nje ya kompyuta kila wiki.