Usingizi Unapokukimbia Rubavu

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na kwa siku kadhaa ardhi ya Gisenyi, hapa Rubavu, ikawa inatetemeka, kuta zinapasuka, watu wanalala nje. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ukafurika na kubomoa nyumba. Tarehe 27 Januari 2025, vita vya Kongo vilipofika Goma, makombora yakaanguka upande wetu wa mpaka na kuua watu. Na wengi wa waliopatwa na haya, wao au wazazi wao, walikuwa wamekwisha kuyapitia mauaji ya kimbari ya 1994.

Kwa hiyo mtu wa hapa anayeruka mlango ukibamizwa, anayekesha, anayewafokea watoto bila sababu, si dhaifu na wala hajarogwa. Mwili wake umezoea kukaa chonjo, hatari ipo au haipo. Hali hiyo inatibika.

Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta Mnyarwanda mmoja katika kila watano ana tatizo la afya ya akili; kwa manusura wa mauaji ya kimbari ni zaidi ya nusu. Linaloniuma zaidi ni hili: karibu watu sita katika kumi walijua pa kupata msaada, lakini waliowahi kwenda walikuwa kama watano tu katika mia.

Yapo unayoweza kuanza kuyafanya mwenyewe. Tuanze na mawazo. Chukua mama anayevusha nyanya pale mpakani Petite Barrière. Mteja wake wa Goma hapokei simu tangu asubuhi. Kufika saa sita, kichwani mwake mteja ameshatoroka, mtaji umekwisha, watoto wamefukuzwa shule, na kosa lote ni lake kwa kumwamini mtu. Anachokijua kwa hakika ni kimoja tu: simu haijapokelewa. Mengine yamejazwa na hofu. Ukijikuta hapo, jiulize: nimeona nini kwa macho yangu? Kuna sababu gani nyingine? Mwenzangu angenieleza haya, ningemjibuje? Usijilazimishe kuona mambo ni mazuri, maana huenda pesa imepotea kweli. Unalotafuta ni ukubwa halisi wa tatizo, ili ujue la kufanya leo.

Moyo ukienda mbio, kaa chini, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu hadi sita, kwa dakika chache. Kisha taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona.

Wengi, badala ya hayo, hushika chupa. Pombe hukukopesha usingizi, kisha alfajiri inadai na riba: unaamka saa tisa, jasho linakutoka, hofu imeongezeka, na kesho unahitaji glasi moja zaidi. Kanyanga, yaani gongo, na bangi vina mtego uleule. Dalili kwamba umeshikwa ni kushindwa kuacha ingawa unataka, kuficha kiasi unachotumia, na kutetemeka ukikosa.

Hapa naomba usome kwa makini. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea pombe ukiikosa kwa mara moja unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Amwone daktari kwanza, apunguziwe chini ya uangalizi.

Mlango wa kwanza wa msaada ni kituo cha afya cha karibu, kwa kadi yako ya bima ya afya, mutuelle. Kutoka hapo unapelekwa Hospitali ya Gisenyi, na hali ikiwa nzito, hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera huko Kigali. Mshauri wa afya wa kijijini anaweza kukusindikiza, na namba ya simu ya afya, 114, hupigwa bure.

Ndugu akisema amechoka kuishi, usimkemee wala usimwambie akaombe tu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa dawa za kuulia wadudu na vitu vyenye makali nyumbani, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Ukifika kwa muuguzi, mwambie ilianza lini, unalala saa ngapi, unakunywa nini na kiasi gani kwa siku. Usipunguze hesabu kwa aibu, maana dawa atakayokupa itategemea jibu hilo.