Kuvua Mtoni kwa Ndoano ya Singa

Ndugu msomaji, umewahi kumwona kuku akikimbilia jani linalopeperushwa na upepo? Hakunusa kitu. Ameona kitu kinakwenda, akadhani ni mdudu.

Wako samaki wa namna hiyo. Kambale hutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu zake. Ndiyo maana unampata kwa mnyoo hata usiku. Lakini katika mito ya Kilombero, Rufiji na Ruvu yuko samaki anayewinda kwa macho. Utamtambua kwa meno yake marefu, yanayoonekana hata akifumba mdomo. Wataalamu walimpa jina la Hydrocynus tanzaniae mwaka 1986, ingawa wavuvi walimjua zamani. Chakula chake ni samaki wadogo. Huyu hahitaji mnyoo. Anahitaji kudanganywa.

Tafuta ndoano imara, nati ndogo ya chuma, uzi wa kushonea, na waya mwembamba wa shibiri moja. Tafuta pia singa, yaani nywele ndefu za mkia wa ng'ombe. Za mkia wa mbuzi pia zinafaa.

Pitisha waya ndani ya nati, kisha uufunge kwenye tundu la ndoano. Nati ikae juu ya kichwa cha ndoano. Panga singa kuizunguka shingo ya ndoano, ncha zielekee kwenye mkunjo. Zungusha uzi mara nyingi, ukaze, upake gundi. Mwisho wa waya ndipo unapofunga mshipi wa nailoni. Usiache waya, kwa sababu meno yale hukata nailoni mara moja.

Singa ziwe chache. Wanaoanza hutia nyingi mpaka ndoano inakuwa kama ufagio. Singa nyingi hazichezi majini, na samaki hadanganyiki. Wengine hutumia risasi badala ya nati. Usiyeyushe risasi nyumbani, wala katika sufuria ya chakula. Ni sumu, na huwadhuru watoto zaidi.

Vua wakati maji ni maangavu. Wakati wa masika mto ukiwa na tope, samaki huyu haoni vizuri. Rudi kwa kambale na mnyoo wako. Tafuta mahali maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, kama vile nyuma ya jiwe kubwa. Tupa ndoano upande wa juu wa mto, uiache izame huku maji yakiichukua. Inua kidogo, uiache ishuke tena. Mara nyingi samaki hupiga wakati inaposhuka, kwa hiyo mshipi usilegee sana.

Sasa soma hapa polepole. Ndoano inayopita karibu na chini hunasa kwenye mizizi na mawe. Itanasa tu. Usiingie majini kuifuata! Mamba hukaa chini ya maji bila kuonekana. Mshipi usiuzungushe mkononi, utakukata. Uzungushe kwenye kijiti, uvute mpaka ukatike. Ndoano nyingine utaifunga jioni, lakini mguu hauna duka.

Hata kabla haijanasa, simama kwenye ukingo wa juu, mbali kidogo na maji. Usizoee mahali pamoja kila siku. Ukipata samaki, mburute mpaka nchi kavu, umpige kichwani kabla ya kutoa ndoano. Umpasue na kumwosha nyumbani. Watoto wasitumwe kuchota maji pale unapovua.

Sehemu ya mto Rufiji imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019. Humo usivue bila ruhusa. Kwa sehemu nyingine, muulize afisa uvuvi wako kuhusu leseni.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini kambale hupatikana usiku kwa mnyoo?
2. Waya una kazi gani?
3. Katika mto wa kijiji chenu, ni mahali gani mtu anaweza kuvua bila kukanyaga maji? Chora ramani yake ubaoni.