Chagua Bakteria wa Kuwalisha Kinywani

Kinywa kina mamia ya aina za bakteria, na wanagombea chakula usiku na mchana. Unachokula ndicho kinachoamua nani atawale.

1. Punguza mara unazokula sukari, sio vijiko tu. Ukinywa chai ya sukari, bakteria walioganda kwenye meno huigeuza sukari kuwa tindikali ndani ya dakika chache. Kiwango cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya jino huanza kuyeyuka, na mate yanahitaji nusu saa hadi saa nzima kurudisha hali. Anayeonja soda kidogo kidogo kutwa nzima hayapi mate nafasi hiyo. Kashata? Ile papo hapo baada ya mlo, usiitafune peke yake saa kumi.

2. Mfahamu mharibifu. Streptococcus mutans alielezwa London mwaka 1924 na J. Kilian Clarke, aliyemkuta kwenye meno yaliyooza. Sukari ya mezani humpa tindikali, tena humpa utando unaonata kama gundi. Jirani yake, Streptococcus sanguinis, hutoa haidrojeni peroksaidi inayomzuia mutans asitambe. Lakini sukari ikimiminika kila mara, tindikali huzidi. Sanguinis hushindwa kuivumilia, mutans hustawi. Hakuna mdudu mgeni aliyeingia hapo! Mlo wako umempa mmoja ushindi. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu meno, na watu hawaambiwi vya kutosha.

3. Fizi ikitoka damu, usiache kuipiga mswaki. Bakteria anayeshambulia fizi, Porphyromonas gingivalis, hategemei sukari. Anaishi kwa protini na madini ya chuma, na vyote viwili anavipata kwenye damu ya fizi iliyovimba. Tena ana mshirika, Treponema denticola: kila mmoja hutoa taka ambayo mwenzake huila. Ukiwaachia utando kwa kuogopa maumivu, unawaongezea maisha. Tumia mswaki laini, taratibu, na umwone daktari wa meno.

4. Kumbuka kiwango. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya 5, yaani kama vijiko 6 vya chai kwa mtu mzima. Soda nyingi za mililita 300 hupita hapo.

5. Tafuna chingamu yenye zailitoli. Mutans hawezi kuugeuza utamu huu kuwa tindikali, na kutafuna huongeza mate.

6. Usiku ni maji tu. Mate hupungua sana usingizini, kwa hiyo piga mswaki kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, tema, usisukutue. Na mtoto asilale na chupa ya juisi au maziwa mdomoni, hata akililia vipi.